Ruzuku ya Miaka Mitatu, Ugonjwa wa Karibu Nusu Karne

Utafiti uliolipeleka jina la mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, kwenye majarida makubwa ya tiba ulitegemea madaftari mawili. Moja lilikuwa la kituo cha matibabu ya kipindupindu kilichomo ndani ya Hospitali Kuu ya Rufaa ya Uvira, ambamo kila mgonjwa aliyepokelewa aliandikwa: tarehe, umri, mtaa alikotoka. La pili lilikuwa la Regideso, kampuni ya maji ya taifa, ambamo wafanyakazi wa mtambo waliandika siku baada ya siku ni maji kiasi gani yamesukumwa kuingia mjini. Aurélie Jeandron na wenzake wa London School of Hygiene and Tropical Medicine waliyalinganisha madaftari hayo kwa miaka sita, Januari 2009 hadi Desemba 2014, na mwaka 2015 wakachapisha matokeo katika jarida la PLoS Medicine. Siku moja ya robine kukauka kabisa ilifuatwa na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu ndani ya siku 12, ikilinganishwa na siku ambayo maji yalitoka vizuri. Kwa hesabu yao, asilimia 23.2 ya wote waliolazwa walitokana na maji ya bomba kutotosha. Anayeishi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika hahitaji kuelezwa sababu: umeme ukikatika pampu husimama, na pampu zikisimama bidoni za njano huelekea ziwani na mtoni. Lakini kabla ya hapo ni tafiti chache zilizokuwa zimeonyesha kwa tarakimu, kwa mji kama huu, maji yakikatika watu wangapi zaidi huishia kwenye kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake.

Linalosahaulika katika habari hiyo ni kwamba uandishi wa madaftari ulikuwa kazi ya kawaida ya hospitali na ya kampuni ya maji. Haukungoja mtafiti afike. Muuguzi aliyeandika jina la mtaa saa nane za usiku, huku akitafuta mshipa wa mtoto aliyekauka maji mwilini, hakuwa anajua kwamba mstari wake ungesomwa London. Lau angeacha safu ya mtaa wazi kwa miaka miwili, kama inavyotokea katika vituo vingi visivyo na karatasi wala mshahara wa uhakika, utafiti ule usingekuwepo, hata kwa fedha mara kumi zaidi. Hoja ya makala hii ni hiyo: fedha za kutafiti magonjwa ya kuambukiza katika ukingo huu wa ziwa hutolewa kwa mtindo unaolipia mavuno na kuliacha shamba bila mwenyewe. Ni lazima mtindo huo ubadilike, ruzuku zitolewe kwa taasisi zinazokaa hapa na kwa muda unaolingana na ugonjwa wenyewe.

Tuangalie kwanza jinsi ruzuku inavyopatikana. Mfadhili hutangaza mwito, mara nyingi kwa Kiingereza, mada ikiwa imekwisha kuchaguliwa. Mwombaji mkuu huwa ni chuo cha Ulaya au Marekani chenye ofisi nzima ya watu wanaoandika maombi kutoka asubuhi hadi jioni. Taasisi ya Bukavu au Uvira huingizwa kama mshirika, hupewa sehemu yake ya bajeti na orodha ya mambo ya kutekeleza. Muda ni miaka mitatu, ukibahatika mitano. Mwaka wa kwanza huisha kwenye mikataba, vibali vya kamati za maadili na kuajiri. Wa mwisho huisha kwenye ripoti, na wafanyakazi wazuri wameanza kutafuta kazi kwingine kwa sababu mikataba yao inakwisha. Kazi yenyewe hubaki na mwaka mmoja na ushee. Kisha mashine inayohifadhi sampuli kwenye baridi kali hubaki imesimama, kwa kuwa bajeti ya mafuta ya jenereta ilikufa pamoja na mradi.

Kuna kipengele kimoja cha bajeti kinachoeleza haya vizuri kuliko hotuba yoyote kuhusu usawa. Kila ruzuku kubwa huwa na fungu la gharama za uendeshaji, yaani fedha za mambo ambayo si ya mradi mmoja: umeme, ulinzi, paa, mhasibu, intaneti. Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, NIH, ambayo ndiyo mfadhili mkubwa wa umma kuliko wote wa utafiti wa tiba duniani, imekuwa ikizipa taasisi za nje ukomo wa asilimia 8 kwa fungu hilo. Vyuo vikuu vingi vikubwa vya Marekani vimekuwa vikikubaliwa zaidi ya asilimia 50. Basi chuo ambacho umeme wake haukatiki, kilichojengwa kwa karne nzima, ndicho kinacholipiwa vizuri zaidi gharama za kusimama. Na chuo ambacho SNEL, shirika la umeme, ikizima taa kinawasha jenereta hupewa kidogo. Halafu inaulizwa kwa mshangao kwa nini hesabu za taasisi za Kongo huchelewa.

Ugonjwa nao una kalenda yake. Kipindupindu kiliingia mashariki ya nchi mwaka 1978 kupitia Ziwa Tanganyika, na hakijaondoka. Mtaalamu wa Kongo Didier Bompangue, pamoja na wenzake, alionyesha katika makala ya mwaka 2008 kwamba maeneo ya afya yaliyo kando ya maziwa ya mashariki ndiyo makao ya kudumu ya ugonjwa huu: milipuko huzaliwa huko na kusambaa kwingine, na hata miezi ambayo mikoa mingine imetulia, huku wagonjwa huendelea kupatikana. Matokeo hayo yalibadilisha namna wizara ya afya inavyopanga mapambano, lakini yalileta swali ambalo mpaka leo halijafungwa. Je, kimelea hiki, bakteria wa kipindupindu, huishi ndani ya ziwa kati ya mlipuko na mlipuko, au hujificha kwa watu, kikipita kutoka tumbo moja hadi jingine bila kuonekana, kikisafiri na wavuvi, wachuuzi wa ndagala na mitumbwi ya soko? Jibu moja linataka kuchunga maji. Jingine linataka kuchunga mienendo ya watu. Gharama zake hazifanani hata kidogo.

Swali la namna hiyo halijibiwi kwa miaka mitatu. Mvua hubadilika, El Niño huja na kwenda kwa mzunguko wa miaka kadhaa, na kiwango cha ziwa chenyewe kimepanda miaka ya karibuni hadi maji yakaingia kwenye nyumba na barabara za ukingoni. Anayechota sampuli kwa misimu miwili anapiga picha ya sura moja tu ya ziwa. Inatakiwa mtu achote mahali palepale, kila wiki, mwaka wa ukame na mwaka wa mafuriko, na hesabu yake ikae meza moja na daftari la hospitali. Kinachouma ni kwamba Uvira ina kituo cha utafiti wa maji ya ziwa, CRH, chenye mizizi katika IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati iliyoanzishwa mwaka 1947 na makao yake yakawa Lwiro. Mji una wanaolijua ziwa na wanaowajua wagonjwa, ila hakuna ruzuku iliyowahi kuwaweka pamoja kwa muda wa kutosha kulimaliza swali hilo.

Kwingineko katika ukanda wetu jambo hili lilieleweka mapema. Entebbe ilipata taasisi ya kuchunguza homa ya manjano mwaka 1936 kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller. Kwa kuwa taasisi ilikaa, mwaka 1947 watafiti wake walikitambua kirusi cha Zika, ambacho hakuna aliyekuwa ameomba ruzuku ya kukitafuta. Ifakara ilianza mwaka 1956 kama kijumba cha maabara cha Waswisi, na leo ni taasisi ya Watanzania inayosikilizwa duniani kuhusu malaria. Kituo cha utafiti cha Kilifi, Kenya, kilianza mwaka 1989. Lakini mfano unaotugusa zaidi uko nje ya ukanda, Dhaka, katika Bangladesh ya leo, ambako maabara ya kipindupindu ilifunguliwa mwaka 1960 katikati ya nchi yenye mito, mafuriko na umaskini kama wetu. Hapo ndipo mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash walipoonyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kuokolewa kwa kunywa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi. Vita vya uhuru wa Bangladesh vya mwaka 1971 vilipowakimbiza mamilioni, daktari Dilip Mahalanabis aliutumia mchanganyiko huo katika kambi ya Bangaon, upande wa India, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Maabara ile ya Dhaka ingali ipo. Dawa ya kunywa inayotolewa leo Mboko, Swima au Makobola ni zao la fedha zilizokubali kukaa mahali pamoja.

Kwamba ukingo huu unaweza kufanya kazi ya kiwango hicho si jambo la kudhania. Mwaka 2020 mji wa Uvira ulichanjwa kwa chanjo ya kunywa ya kipindupindu. Oktoba 2022, chanjo zilipopungua duniani, kundi la kimataifa linalosimamia akiba ya dharura lilisitisha dozi mbili na kuagiza dozi moja kwa kila mtu. Uamuzi ulilazimishwa na uhaba. Ushahidi wa kinga ya dozi moja hudumu muda gani, hasa mahali ambapo ugonjwa uko kila mwaka, ulikuwa haba. Timu iliyojibu iliongozwa na Espoir Bwenge Malembaka wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, pamoja na Andrew Azman wa chuo cha Baltimore, Marekani, na wengine, kwa fedha za Wellcome na Gavi. Makala yao katika The Lancet Infectious Diseases, mwaka 2024, ilionyesha kwamba dozi moja ilipunguza hatari ya kuugua kwa takriban asilimia 53 kati ya mwezi wa 12 na wa 17 baada ya chanjo, na bado takriban asilimia 45 kati ya mwezi wa 24 na wa 36. Kwa watoto wa mwaka 1 hadi 4 ulinzi ulionekana kuwa mdogo zaidi. Nchi nyingi zilizokuwa zikigawa dozi moja kwa wasiwasi zilipata kitu cha kushika. Utafiti huo uliwezekana kwa sababu katika kituo cha Uvira upimaji na uandikishaji wa wagonjwa ulikuwa umezoeleka tangu awali, na watu wa kuufanya walikuwepo. Ni tunda lilelile la madaftari.

Hapa msomaji wa Uvira ana haki ya kukatiza na kusema: tuleteeni mabomba, makala tumeshiba. Pingamizi hili ni zito, na watafiti wengi hulikwepa. Ni kweli kwamba London iliachana na kipindupindu katika karne ya 19 kwa mifereji na maji safi, kabla hata bakteria hajakubaliwa na wote kuwa ndiye chanzo. Ni kweli pia kwamba kuhesabu wagonjwa mwaka hadi mwaka bila kuwapelekea maji ni aibu. Lakini katika Uvira mabomba na utafiti havikugombania mfuko mmoja. Fedha za kupanua mtandao wa maji zilitoka kwa Shirika la Maendeleo la Ufaransa, Umoja wa Ulaya na Wakfu wa Veolia, na utafiti uliwekwa pembeni ya ujenzi ili ijulikane bomba lipi linazuia ugonjwa gani. Aprili 2020 Mto Mulongwe ulipofurika, ukaua watu na kuharibu miundombinu ya maji, ilionekana wazi kwamba kujenga mara moja hakutoshi. Na lile tokeo la mwaka 2015 lina jambo ambalo mhandisi peke yake asingeliona: mitaa iliyotumia maji mengi ya bomba kwa kawaida ilikuwa na wagonjwa wachache, lakini maji yalipokatika ndiyo iliyoumia zaidi. Maana yake, bomba linalotoa leo na kukauka kesho huwaweka watu katika hatari ya aina nyingine. Mwenye kupanga bajeti anahitaji kulijua hilo kabla ya kununua pampu pasipo umeme wa kuiendesha.

Pingamizi la pili husemwa kwa sauti ya chini katika ofisi za wafadhili: hapo ni vita na wizi, fedha zitapotea. Wizi upo. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini wananchi wenyewe walizungumza juu ya biashara ya Ebola: magari ya kukodi kwa bei za ajabu, ajira za kupeana. Taasisi yoyote ya hapa inayoomba fedha za miaka 10 lazima ikubali kukaguliwa hadharani, na anayekula aondoke. Hata hivyo katika vurugu hizohizo, kuanzia Novemba 2018, INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya profesa Jean-Jacques Muyembe, na washirika wake wa Marekani waliendesha jaribio la dawa nne za Ebola, vituo vya matibabu vikichomwa na kushambuliwa, na Agosti 2019 likatoa jibu: dawa mbili zilipunguza vifo waziwazi. Moja kati ya hizo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Vita havikuzuia sayansi pale ambapo mfadhili alikuwa ameamua kutaka jibu.

Na aliamua kwa sababu gani? Hapa ndipo pa kusema bila kumung'unya. Ebola ile iliua watu 2,287 hadi ilipotangazwa kumalizika Juni 2020. Surua, iliyotapakaa nchini katika kipindi hichohicho, iliua zaidi ya 6,000, wengi wao watoto, na kamera hazikuonekana. Fedha za utafiti hufuata hofu ya mwenye fedha. Ugonjwa unaoweza kupanda ndege hupata mwito wake ndani ya wiki chache. Ugonjwa unaobaki kwa wachota maji wa Tanganyika hungoja foleni. Mpox nayo ilikuwa ikisumbua Kongo kwa miongo, ila ilibidi aina mpya itambuliwe Kamituga, Kivu Kusini, kisha Shirika la Afya Duniani litangaze dharura tarehe 14 Agosti 2024, ndipo chanjo zilipoanza kuwasili mwezi uliofuata. Simlaumu mlipakodi wa Marekani kwa kujali watoto wake kwanza. Ninachosema ni kwamba orodha ya maswali inayopangwa kwa hofu yake haiwezi kuwa orodha yetu.

Matukio ya mwaka 2025 yalionyesha udhaifu wa mpangilio huu upande wa fedha na upande wa usalama. Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai USAID ilikuwa imefungwa. Mei, NIH ikatangaza kuacha kutoa fedha kwa washirika wa nje kupitia vyuo vya Marekani mpaka ipatikane njia mpya. Februari Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, Desemba ikawa zamu ya Uvira. Wageni waliondoka, na hakuna wa kuwalaumu kwa hilo. Waliobaki ni wauguzi na reko, yaani wahudumu wa afya wa kujitolea wa mitaa, kwa sababu nyumba zao ziko hapo. Mfadhili anayeogopa vita na kwa hiyo anapitisha fedha zote kwa mtu atakayekimbia ndege ya kwanza ikipatikana, amechagua njia iliyo na hatari zaidi kwa kazi yake mwenyewe.

Wengine watasema jukumu ni la Kinshasa. Nakubali. Abuja, mwaka 2001, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Umoja wa Afrika umekuwa ukihimiza angalau asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Kongo iko mbali na yote mawili. Hata kiasi kidogo cha serikali, kikilipwa kila mwezi, kingefanya kitu ambacho ruzuku kubwa ya nje haiwezi: kingemfanya mwandishi wa daftari asiondoke mradi unapokwisha. Mishahara ya watu watano wa kuandika, kupima na kutunza kumbukumbu haihitaji mkutano wa wafadhili Geneva.

Makobola iko kusini mwa Uvira kwenye barabara ya Baraka, ziwa upande mmoja na milima upande mwingine. Katika maandishi ya dunia jina lake linajulikana kwa mauaji ya tarehe 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999, yaliyoorodheshwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010. Tafiti za maji na chanjo nilizozitaja zilifanyika mjini Uvira, na ina mantiki: kituo cha matibabu kipo mjini, na Bujumbura yenye uwanja wa ndege iko ng'ambo tu. Lakini mvuvi hasimami kwenye mpaka wa mji. Kama swali ni ugonjwa hukaa wapi kati ya mlipuko na mlipuko, vijiji vya ukingoni vyenye kambi za wavuvi ndiko kwa kuutafutia. Kwa hiyo ruzuku inayostahili kuombwa inajulikana sura yake: miaka 10, sampuli za maji kila wiki kuanzia Kavimvira, kaskazini mwa mji, hadi Makobola na kuendelea kusini, kipimo cha haraka kwa kila anayeharisha katika zahanati za njiani, fungu la uendeshaji lisilopungua lile la chuo cha Baltimore, mhasibu anayekaguliwa kila mwaka na hesabu zake kubandikwa ukutani, na takwimu zikihifadhiwa hapahapa kabla ya kwenda popote. Maombi yaandikwe Kifaransa, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili redioni. Mwombaji mkuu awe Uvira na Bukavu. London na Baltimore waandikwe kwenye safu ya washirika.